Mgao wa Mama

Nyumba ya Wazee ya Tsubaki,
Kisiwa cha Urase
9 Juni 2020

Yasu mdogo wangu,

Barua ya heshima huanza na hali ya hewa, basi chukua: mvua inanyesha, nguo hazikauki, na jikoni kwangu ukungu umeota mpaka kwenye mwiko. Umeridhika? Sasa tuongee.

Vile vishikwambi mlivyotutumia vimefika na boti ya Jumanne. Wazee walivizunguka wakavitazama kwa staha, hakuna aliyethubutu kugusa, mpaka Mama aliposema, "Hivi vimetoka kwa mwanangu," akagusa cha kwanza. Tangu siku hiyo hatuna raha. Kila anayepita mlangoni anaambiwa kwamba ni Yasunori wake anayegawa laini za video za visiwa vyote hivi, na asipokaa yeye pale Fukuoka hakuna mzee atakayemwona mjukuu. Bibi Deguchi wa chumba cha jirani amechoka kusikia. Jana alimjibu, "Basi mwambie huyo mwanao anigawie na mume mwingine, wa kwanza alikuwa anakoroma." Wakacheka mpaka muuguzi akaja mbio akidhani kuna aliyeanguka.

Naandika kwa sababu simu ya jikoni haina siri. Tangu korona ifunge milango, sisi wafanyakazi tunalala humu humu na wazee, na Mama ana masikio makali kuliko paka. Sasa nisikilize, na usimwambie kwamba nimekuambia, maana ameniapisha. Macho yake yanakwisha. La kulia limezimika tangu Machi. La kushoto, daktari anayekuja na boti amesema litafika labda mpaka machenza yaive, si zaidi, na hakuna dawa ya kulirudisha. Juzi alimimina chai pembeni ya kikombe, akafuta meza haraka kama mwizi.

Anataka jambo moja tu. Aliniambia nikiwa namkata kucha: "Ningependa kumwona Yasu uso wake vizuri, mara moja, kabla macho haya hayajafunga." Ni miaka mitatu hajakuona. Huwezi kuja, kisiwa hakipokei mtu wa mjini, hilo nalielewa. Lakini mwenye funguo za hizo video ni wewe. Mwekee laini nzuri amwone mwanawe. Ni kubwa hilo?

Dada yako,
Chizuru


Fukuoka
21 Juni 2020

Dada Chizuru,

Hapa pia mvua. Natumaini mgongo wako hausumbui.

Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Kuhusu macho ya Mama nimekaa siku kadhaa nikitafuta neno, sikulipata. Ngoja niandike ninachokijua.

Laini ya nyumba yenu inabeba picha sita kwa wakati mmoja. Ikiingia ya saba, zote zinaganda, na kila mtu anabaki na mjukuu aliyefungua mdomo. Visiwa vyote vinategemea mtambo mmoja hapa kwetu, na kazi yangu ni kugawa uwezo wake: nani apate kiasi gani na saa ngapi. Mwanzoni ilikuwa vurugu, wenye ukoo mkubwa walimaliza kila kitu. Ndipo nikaandika kanuni. Mtambo unamwangalia kila mzee. Anayetumia sana unamwongezea. Anayeacha fungu lake bila kulitumia unampunguzia, ili lisipotee bure. Unagawa wenyewe, hauna ndugu wala rafiki. Wakubwa wameisifu sana, Dada, na mimi nilijisikia mtu.

Ndiyo maana ulichoniomba siwezi. Mwezi wa nne mwenzangu hapa ofisini, Bi Nonaka, aliniomba babu yake wa kisiwa kingine aongezewe kidogo. Nilimkatalia mbele ya watu. Nilisema, "Mtambo hauna babu." Leo nikimfungulia mama yangu mlango wa nyuma, nitamtazama na uso gani?

Lakini Mama hahitaji upendeleo. Awashe tu picha, na mgao wake utakua wenyewe. Tatizo ni kwamba hawashi. Ananipigia kila Jumapili, na kila mara kioo changu ni cheusi, sauti tu, na hata sijamaliza kumweleza nilichokula ameshakata. Niambie kweli: bado ana kinyongo na mimi? Siku nilipokataa kurithi kiwanda cha tambi cha Baba hakunisema hata neno, na kimya chake kile nakijua. Labda anataka kuniona lakini moyo haujakubali kunitazama. Wala siwezi kumuuliza, maana umenikataza kujua.

Yasunori


Urase
12 Julai 2020

Yasu,

Kinyongo gani, wewe? Msomi mzima!

Nimekwenda kukiangalia kishikwambi chake. Kamera ameibandika plasta. Plasta ile ya vidonda, imekatwa kwa mkasi, imenyooshwa pembe zote. Nikamuuliza, "Mama, nini hiki?" Akanitolea karatasi chini ya mto, ile mliyoituma pamoja na vishikwambi. Imeandikwa: Picha zikizidi sita zitaganda. Anayeweza kuzungumza kwa sauti tu, tunaomba awaachie wengine. Chini yake jina lako na muhuri wako.

"Mwanangu ameomba," akasema. "Nisipoachia mimi mama yake, nani ataachia? Watu waseme mama wa mgawaji ndiye wa kwanza kunyoosha bakuli?"

Unatujua sisi watu wa Urase. Kwenye karamu kipande cha mwisho cha samaki hakiguswi, kila mtu anamsukumia mwenzake mpaka kinakauka sahanini na paka ndiye anayefaidi. Na mama yetu ndiye bingwa. Hata ile saa yake ya Jumapili anakupigia kidogo, kisha anampa Bibi Deguchi iliyobaki, ambaye wajukuu zake wa Osaka wanampigia pindu mbele ya kamera. Eti ndilo fungu linalotumika vizuri! Nilitaka kuibandua ile plasta. Akanishika mkono: "Usiingilie kazi ya mdogo wako."

Sasa ona mlivyo. Wewe unangoja awashe ndipo umpe. Yeye anangoja umpe ndipo awashe. Mmesimama mlangoni, huyu anasema tangulia wewe, yule anasema tangulia wewe, na giza linaingia. Futa lile ombi lako, tuma karatasi nyingine. Na umfungulie njia, Yasu. Huyo Nonaka wako mwombe radhi baadaye. Mtu haombi radhi macho yakarudi.

Chizuru


Urase
6 Agosti 2020

Yasunori mwanangu,

Anayeandika ni dada yako kwa sababu mkono wangu siku hizi unatetemeka. Joto limezidi na nyenje wanapiga kelele tangu alfajiri. Hujambo? Unakula? Usile zile tambi za dukani za kumwagia maji ya moto. Baba yako angezisikia akiwa kaburini angegeuka upande wa pili.

Karatasi yako mpya imefika. Umeandika kila mtu awashe picha apendavyo, asione haya. Nimewaambia wenzangu kwamba hiyo ni adabu tu, ndivyo nilivyokulea. Mwenye nyumba lazima aseme "kula, kula bado kingi," lakini mgeni mwenye akili anajua ukubwa wa chungu. Usiwe na wasiwasi na mimi. Uso wako naukumbuka, hauna haja ya kupita kwenye waya. Wape wenye wajukuu.

Sikukuu hii ya Bon, wafu wanaporudi nyumbani, usifikirie kuja. Nimeshamwambia baba yako mbele ya picha yake kwamba mwaka huu atakapokuja kututembelea atatukuta mimi na Chizuru tu. Hakulalamika. Uhai wake wote hakulalamika ila chumvi ilipopungua.

Nasikia umesifiwa kazini. Mimi nami hapa nimesifiwa kwa ajili yako. Imenitosha.

Mama yako,
Fusae

(Yasu, hayo ya juu ni maneno yake. Haya ni yangu, yeye anadhani naandika anwani. Mkono wake hautetemeki hata chembe. Alipokuwa anasema, uso aliuelekeza kwenye sauti ya kalamu, si kwangu. Nimembembeleza wiki nzima. Amekubali kubandua plasta siku ya Bon, siku hiyo moja tu, kwa ajili ya Baba. Usiniangushe. – C.)


Fukuoka
18 Agosti 2020

Dada,

Ulikuwa umekaa kando yake, kwa hiyo unajua. Lakini niandike, huenda nikaandika nikapumua.

Siku ya Bon visiwa vyote vilipiga kwa pamoja. Nilijua itakuwa hivyo, nikajiambia kanuni itapanga. Nilichokiona mimi ni vipande: nywele nyeupe, ukuta, kidole cha Mama, ukuta tena. Nikamsikia akisema, "Yasu? Ni wewe huyo au ni ukuta wa matofali?" Akacheka. Kisha ikaganda, kisha ikakatika, na nilipopiga tena mtambo wangu mwenyewe ukaniambia nisubiri zamu.

Asubuhi yake nilifungua orodha ya mgao. Katika visiwa vyote, hakuna mzee mwenye fungu dogo kama la Mama. Wa mwisho kabisa, Dada. Jumapili zote hizo za kuwaachia wenzake, mtambo uliona mtu asiyetaka kitu, ukampunguzia, ukampunguzia. Nani aliufundisha kwamba asiyeomba hahitaji? Mimi. Mimi niliyezaliwa kisiwani ambako mtu akiwa na njaa anasema ameshiba.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kwa hiyo usinipe. Niliandika ombi kwa mkuu wangu nikalichana. Nikaandika lingine, nikainua macho, Bi Nonaka alikuwa mbele yangu anakula chakula chake cha mchana, nikalichana na hilo. Halafu Septemba kuna Sikukuu ya Wazee, laini zitajaa tena pomoni. Nikichezea mgao sasa naweza kuwavurugia wote. Ipite hiyo. Oktoba nafanya, kwa ruhusa au bila ruhusa. Mvumilie mdogo wako.

Yasunori


Urase
2 Septemba 2020

Yasu,

Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Machenza bado mabichi lakini yameshajaa. Mama sasa ananitambua kwa hatua zangu, na asubuhi anauliza kama taa imewashwa. Plasta ameirudisha pale pale. 

Chizuru


Fukuoka
8 Novemba 2020

Dada! Dada yangu!

Najua Oktoba ilipita na sikuandika. Niliona haya. Lakini leo umeona mwenyewe!

Nianze mwanzo. Nilikwenda kwa mkuu wangu hatimaye, nikainama mpaka kiuno kikauma, nikamweleza habari za macho ya Mama. Akanitazama kama mwehu. "Kwa nini hukusema?" akaniuliza. "Jambo la nusu saa hili." Bi Nonaka alisikia. Alisema ningemwambia angetia muhuri yeye mwenyewe, kisha akarudi kwenye kazi yake. Nilitegemea vita, nikakuta mlango haujafungwa. Tangu Juni, Dada, haukuwa umefungwa.

Basi nikampa Mama nafasi ya watu wanne peke yake. Picha ilikuwa safi mpaka nikaona uzi uliolegea kwenye kola yake. Nikaona kishimo cha shavuni. Na yeye akaniona! Alisema, "Yasu, umekuwa baba yako mtupu, hasa masikio." Akasema, "Na hilo shati limenyooka, nani anakupigia pasi?" Nikalia, nikajifanya napiga chafya, akaniambia nivae soksi. Mara nyingine alikuwa anatazama chini kidogo ya uso wangu, lakini hilo ni la kawaida. Kwenye video kila mtu huangalia kioo badala ya kamera, hata wakurugenzi wetu.

Tumewahi. Chupuchupu, lakini tumewahi. Nimerudi nyumbani kwa miguu nikiimba barabarani, mtu mwenye miaka yangu. Ahsante kwa kunisukuma. Kila tusi ulilonitukana nalichukua kama zawadi.

Mdogo wako,
Yasu


Urase
20 Novemba 2020

Yasu,

Barua yako nimemsomea mara mbili. Amefurahi. Anakusalimu, anasema soksi.

Nakutumia machenza ya shamba la nyuma, na mikate ya viazi vitamu tuliyoponda juzi. Ichome kidogo juu ya moto kabla ya kula. Jikoni kazi nyingi na sina la kuandika. Huwa nakucheka kwamba barua zako ni kama risiti ya duka. Leo risiti ni mimi. Usinione vibaya.

Chizuru


Fukuoka
4 Januari 2021

Dada Chizuru,

Heri ya mwaka mpya. Nitasema niliyonayo kisha nitanyamaza.

Unakumbuka aproni ya Baba ya kiwandani, ile ya rangi ya nili yenye jina la kiwanda kifuani? Siku tulipofunga milango niliichukua bila kumwambia mtu. Imekaa kabatini kwangu miaka yote. Mwaka mpya huu niliitoa. Nilikanda unga mwenyewe, nikaulaza, nikauvuta, nikazitundika tambi kwenye vijiti nyuma ya kiti changu, kama Baba alivyokuwa akizitundika uani siku za jua. Nikavaa aproni, nikakaa mbele ya kamera, nikampigia Mama. Sikusema kitu. Nilitaka azione mwenyewe, aseme yeye. Nilichoshindwa kumwambia kwa mdomo tangu ujana wangu nilikuwa nimekivaa.

Alizungumza habari za theluji. Akazungumza habari za meno mapya ya Bibi Deguchi, jinsi yanavyotoka akicheka. Akaniombea mwaka wa heri. Akakata.

Nilikagua laini. Ilikuwa nzima, na mgao wake ulikuwa kamili. Aliniona kama nilivyomwona, na hakusema hata neno moja.

Kwa hiyo nilivyodhani Juni nilikuwa sahihi. Simlaumu. Kiwanda kilikuwa maisha yao, na mimi nilikiacha kikafa. Lakini sitaki kumlazimisha kunitazama. Kuanzia mwezi ujao fungu lake nitalirudisha kwa wengine, nasi tutazungumza kwa sauti kama alivyotaka mwanzo.

Yasunori


Urase
11 Januari 2021

Yasu,

Usirudishe chochote. Kaa chini kwanza. Umekaa?

Hakukuona. Mwaka mpya hakukuona, na Novemba hakukuona. Lile jicho la kushoto lilizimika Oktoba, tulipochuma machenza ya kwanza. Nilimwekea moja mkononi, akaligeuza geuza, akaniuliza, "Limeiva hili?" Lilikuwa la manjano kama taa. Ndivyo nilivyojua.

Wewe ulipopiga simu ya jikoni kusema umepata ruhusa na laini iko tayari, nilitaka kukuambia siku ile ile. Mama akanikamata mkono. "Amehangaika sana," akasema. "Asije akaona amefanya kazi bure." Akaniapisha tena. Kisha akanikalisha kitandani akaanza kuniuliza maswali kama mtoto wa shule kabla ya mtihani. Nywele bado anazo? Huwa anavaa nini Jumapili? Amenenepa? Masikio yako aliyakumbuka mwenyewe. Shati alilisikia, maana ukivaa shati jipya hutulii, unavuta kola. Alipomaliza kuzungumza nawe alikuwa amelowa jasho mgongoni. Nikambadilisha nguo. Akaniuliza, "Aliamini?" Nikamwambia, "Aliamini, Mama." Akalala vizuri usiku huo kuliko mwezi mzima.

Kiapo cha kwanza nilikivunja na hakikusaidia kitu. Hiki cha pili nimekishika, nacho ndicho kimekuchoma. Sijui tena ni lipi lililo jema. Nimekuwa mpishi wa kufunika vyungu.

Jana nimemwambia habari ya aproni. Nimemsomea barua yako yote, mpaka pale pa kurudisha fungu. Alishika kikombe mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza, "Fundo alifunga mbele au nyuma?" Nikasema sijui, nilikuwa nimesimama nyuma ya kishikwambi. Akauliza, "Tambi zilikuwa nene au nyembamba?" Nikasema sijui. Akapiga meza kwa kiganja, Yasu, Mama yetu ambaye hajawahi kupiga meza. "Una macho mawili mazima, unatazama nini wewe!" Halafu akashusha sauti. "Na mimi nimekaa hapa namsimulia meno ya Deguchi." Akalia. Sijamwona akilia tangu tumzike Baba, na hata siku hiyo alijificha bafuni.

Kinyongo hakuna. Hakijawahi kuwepo. Nilimuuliza wazi wazi, nikakutaja kwa jina. Alisema kile kimya cha siku ile ulipokataa kiwanda ni kwa sababu alikuwa amefurahi, na hakutaka Baba aone. Ule unga ulikuwa umeshamharibu Baba mapafu. Hakutaka na wewe uumeze.

Sasa mwandikie. Siyo mimi. Yeye. Mimi nitamsomea.

Chizuru


Fukuoka
17 Januari 2021

Mama,

Anayekusomea ni Dada. Dada, soma polepole, na usiongeze chumvi zako.

Hapa baridi imekaza na soksi nimevaa. Sasa nitakueleza uso wangu, maana niliuchelewesha.

Mvi zimeanzia juu ya masikio, upande wa kushoto nyingi kuliko wa kulia. Utosini nywele zimepungua, nachana kwa kuficha, na upepo ukivuma siri inatoka. Nina miwani, Mama. Fremu nyeusi, kioo kinene. Hujawahi kuniona nayo, kwa hiyo unaponikumbuka nivalishe. Chini ya macho nina mifuko kama ya Baba siku za kukesha na unga. Lile jino la mbele nililolivunja kwenye ngazi za gati, ulilonipigia kelele kwanza ndipo ukanikumbatia, bado limevunjika. Daktari wa meno amenisihi sana. Sikutaka mtu mwingine alishike.

Siku ya mwaka mpya nilivaa aproni ya Baba. Inanibana tumboni. Fundo nilifunga nyuma na likalegea, kama kawaida yangu. Ulikuwa ukinigeuza, unalifungua na kulifunga upya bila kusema kitu, na siku hiyo nilikaa hivyo hivyo na kamba zinaning'inia. Tambi hazikuwa na unene mmoja. Nyingine kama kidole, nyingine kama uzi, Baba angewapa kuku. Nilizila mwenyewe siku tatu. Chumvi ilipungua.

Kanuni yangu nimeifuta. Sasa kila mzee ana fungu lake, atumie asitumie, linamngoja. Bi Nonaka ndiye aliyenisaidia kuandika mpya. Nilipomuuliza kama babu yake sasa atapata picha nzuri, aliniambia babu yake alifariki Julai. Tulikuwa tumekaa meza zinazotazamana muda wote huo. Hakusema, na mimi sikuuliza.

Kiangazi chote jicho lako lilikuwa linaona, na funguo zilikuwa mfukoni mwangu. Wewe ulidhani unanisaidia kazi. Mimi nilidhani natenda haki. Tulisukumiana sahani mpaka kipande kikakauka. Najuta, Mama. Sina neno zuri zaidi ya hilo, na nimelitafuta. Najuta kila nikikaa mbele ya ule mtambo, na ndipo ninapokaa kutwa.

Visiwa vikifunguliwa nitapanda boti ya kwanza, utanishika uso kwa mikono yako na kuhakiki kama nimesema kweli. Mpaka hapo, Jumapili nitapiga simu. Plasta iache au ibandue, upendavyo, fungu ni lako. Ila nakuomba kitu kimoja. Usiseme umeniona. Usisifu shati. Niulize nimevaa nini, nami nitakuambia, na hata nikiwa nimeshakuambia, niulize tena.

Mwanao,
Yasunori